Mabingobingo ya Ukingoni

Kwetu Kilimanjaro ng'ombe hafuati majani. Majani ndiyo humfuata ng'ombe. Mgeni kutoka Umasaini au Usukumani anapopita Kibosho, Old Moshi au Marangu kwa mara ya kwanza huuliza mifugo iko wapi, kwa sababu haoni kundi wala mchungaji. Mifugo iko bandani. Ng'ombe mmoja au wawili wamefungwa nyuma ya nyumba, katikati ya migomba na mibuni, na wengi wao hawajawahi kukanyaga malisho tangu wazaliwe. Zamani walilala ndani ya nyumba ya msonge ileile waliyolala watu, wao upande mmoja, familia upande wa pili. Chochote wanachokula kimebebwa na mtu, na katika utoto wangu mtu huyo alikuwa mwanamke au mtoto.

Mimi nilikuwa mmoja wa watoto hao, Old Moshi, kwa bibi mzaa baba aliyenilea. Ukirudi shule unavua sare, unakula ndizi zilizobaki mchana, unachukua mundu, kamba ya mgomba na ngata, unashuka kwenye kingo. Hakuna aliyeuliza kama umechoka. Ng'ombe wa maziwa mwenye kilo 400 anahitaji chakula kikavu kama kilo 12 kwa siku, yaani asilimia tatu ya uzito wake. Majani machanga yana maji sehemu nne katika tano, pengine zaidi. Kwa hiyo kilo 12 hizo, zikiwa mbichi, ni kilo 60 hadi 70, kila siku ya Mungu, masika na kiangazi, Krismasi na Pasaka. Kilo hizo nilizijua kwa shingo miaka mingi kabla ya kuzijua kwa hesabu.

Sehemu kubwa ya mzigo ilikuwa mabingobingo. Wengine huyaita majani ya tembo, na maofisa ugani wengi husema nepia, kwa sababu mwanzoni mwa karne ya 20 kanali mmoja wa Bulawayo aitwaye Napier aliihimiza idara ya kilimo ya Rhodesia iyafanyie majaribio kama chakula cha mifugo. Majani yenyewe ni ya Afrika ya kitropiki tangu asili. Jina lake la kwanza la kisayansi, Pennisetum purpureum, lilitolewa mwaka 1827 na Schumacher wa Copenhagen, kwa mimea iliyokusanywa na Peter Thonning katika pwani ya Guinea, Ghana ya leo. Mwaka 2010 wataalamu waliyahamishia kwenye jenasi ya Cenchrus. Uwele unaoliwa Dodoma na Singida ni ndugu yake wa karibu sana, kiasi kwamba mimea hiyo miwili ikipandishwa huzaa chotara. Tofauti kubwa ni kwamba uwele huota, huzaa na kufa katika msimu mmoja, ilhali mabingobingo hubaki. Ni nyasi ya kudumu, na tofauti hiyo ndiyo iliyoyapa nafasi kwenye vihamba, mashamba yetu ya nyumbani.

Bibi alikuwa na amri moja ambayo haikubadilika. Kabla ya kukata shina jipya, mtoto aliweka ngumi yake chini, juu ya udongo, na mundu ulipita juu ya ngumi. "Acha ngumi, mjukuu wangu. Hiyo ya chini si ya ng'ombe." Aliyekata akagusa udongo aliambiwa aache mundu akasombe maji. Hakueleza sababu, nasi hatukuuliza, maana bibi alipanda mabingobingo kabla baba zetu hawajaoa na ukingo wake haukuwahi kuwa mtupu.

Sababu niliipata Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, siku tulipopasua machipukizi ya nyasi kwa wembe na kuyatazama chini ya darubini. Chipukizi changa linaonekana kuwa na shina, lakini sehemu kubwa ya unachokiona ni ala za majani zilizokunjana, moja ndani ya nyingine. Ukizifunua hadi ndani kabisa, karibu na udongo, unakuta ncha ndogo nyeupe. Hiyo ndiyo sehemu inayokua, na kila jani linatoka hapo. Jani nalo hukua kutokea chini yake, kwa hiyo ukilikata juu huendelea kurefuka likisukumwa kutoka kwenye kitako chake. Mti ukikatwa kilele umepoteza sehemu yake ya kukulia. Nyasi changa ikikatwa majani imepoteza majani tu, kwa sababu sehemu ya kukulia imejificha chini ya meno ya mnyama na chini ya mundu. Ndiyo maana nyasi zimeweza kuishi na wanyama walao majani kwa mamilioni ya miaka.

Mabingobingo yakikomaa, mambo hubadilika. Pingili huanza kurefuka, na ncha ile hupanda juu pamoja nazo, mita moja, mbili, hata nne. Ukikata sasa, umeiondoa. Uhai unabaki kwenye macho yaliyoko katika vifundo vya chini, vifundo vilivyosongamana kwenye kitako cha bua, na kwenye akiba ya sukari na wanga iliyowekwa hapo na katika mizizi. Shina lisilo na jani hata moja haliwezi kujitengenezea chakula kwa jua, kwa hiyo siku za kwanza baada ya kukatwa linaishi kwa akiba hiyo peke yake. Kata ukiacha sentimita nane au kumi, macho yapo na akiba ipo, na wiki moja baadaye unaona ncha za kijani. Kata hadi kwenye udongo, tena na tena, na shina litachipua kwa unyonge, machipukizi yatakuwa membamba kila mara, kisha magugu yatachukua nafasi. Vitabu vya ugani vinataja kati ya sentimita tano na kumi. Ngumi ya mtoto wa darasa la nne ilikuwa humo humo.

Siku ile maabarani nilimkumbuka bibi kwa namna ambayo sikuwa nimemfikiria kabla. Nilikuwa nimemjua kama mlezi, mwenye upendo na mkali. Sasa nilimwona kama mtu aliyefanya uchunguzi wa miaka mingi juu ya mmea mmoja, akafikia jibu sahihi bila darubini, akalifanya kuwa fupi kiasi cha kubebwa na mtoto. Tangu hapo nilianza kuzipitia amri zake zote za majani, moja baada ya nyingine, nikitafuta kiungo cha mmea kilichokuwa nyuma ya kila amri.

Ilikuwapo amri ya mahali. Mabingobingo hayakupandwa chini ya migomba kamwe. Kihamba cha Mchagga kimepangwa kwa ghorofa: miti mikubwa juu, migomba chini yake, mibuni chini ya migomba, magimbi na mboga chini kabisa. Mtu angedhani majani ya ng'ombe yangewekwa humo, karibu na banda, kupunguza safari. Bibi aliyaweka ukingoni, kwenye mpaka, kandokando ya njia na ya mfongo, yaani mfereji wa maji, penye jua. Mabingobingo ni katika kundi la mimea ambayo, kama mahindi na muwa, hunasa hewa ya ukaa kwa hatua mbili. Kwanza huifunga ndani ya asidi yenye kaboni nne katika chembe za nje za jani, kisha huipeleka kwenye chembe zinazozunguka mishipa, na huko ndiko sukari hutengenezwa. Njia hiyo inautumia vizuri mwanga mkali na joto, na inauwezesha mmea kupata hewa ya kutosha bila kuviacha vitundu vya majani wazi sana, hivyo maji kidogo hupotea. Gharama yake ni kwamba inataka jua. Chini ya migomba mabingobingo hurefuka, hudhoofu na kulala.

Ukingo ulikuwa na faida nyingine. Ardhi yetu imeinama, na mvua ya masika huko juu haina huruma. Mizizi ya mabingobingo ni mingi, inashikana, na hushuka mita kadhaa penye udongo mzuri. Mashina yakipandwa mstari mmoja kukata mteremko, udongo unaoteremka na maji hukwama nyuma yake, na baada ya miaka mstari huo umekuwa tuta ambalo hakuna mtu aliyelichimba. Mizizi hiyo mirefu ndiyo pia inayobakiza kijani mwezi wa Septemba, wakati nyasi fupi za njiani zimekauka. Kitu kimoja tu hayakivumilii: maji yaliyotuama. Penye kinamasi yanaoza.

Amri ya wakati ilikuwa kali zaidi. Suke likionekana ukingoni mwa mtu, majirani walijua kwamba nyumba hiyo ina tatizo: mgonjwa, msiba, au mkono umepungua. Suke lenyewe ni zuri sana, limenyooka, lenye urefu wa sentimita 10 hadi 30, lenye nywele za dhahabu ambazo pengine hukaribia zambarau, na tulipokuwa watoto tulipenda kulipitisha shavuni. Kwa ng'ombe ni habari mbaya. Majani yenye wiki sita hadi nane tangu yakatwe ni laini, na protini yake inaweza kuzidi asilimia 10 ya uzito mkavu. Yakiachwa hadi kutoa suke, bua limekuwa gumu kama mti, protini imeshuka chini ya asilimia saba, na ng'ombe anachagua majani ya pembeni na kuacha mabua bandani. Maziwa yanapungua siku hiyo hiyo. Bibi aligawa ukingo wake katika vipande na kukata kwa zamu, kutoka juu kuelekea chini, na alipofika mwisho kile kipande cha kwanza kilikuwa kimefika kiunoni mwake. Hakuwa na kalenda ya kazi hiyo. Kiuno chake kilitosha.

Na miili yetu ilijua mmea huu kwa upande mwingine pia. Jani lake lina mshipa mpana mweupe katikati, urefu unaoweza kufika mita moja na zaidi, na kingo zenye vijino vidogo sana vilivyokazwa kwa silika, madini yaleyale ya mchanga. Vijino hivyo vilitukata mikono na shingo. Mahali jani linapoachana na ala pana mstari wa nywele fupi, na aina nyingine zina nywele kwenye ala nzima. Hizo zilituwasha hadi usiku. Bibi alizijua aina zisizo na nywele nyingi na alizitafuta kwa makusudi, akatembea hadi Kilema kuomba vipando kwa shoga yake. Katika orodha za ubora wa malisho nilizosoma baadaye, nilikuta mavuno, protini na ustahimilivu wa ukame. Ngozi ya mbebaji sikuiona mahali pengi, na hadi leo naamini inapaswa kuwa ya kwanza au ya pili.

Sisemi haya kwa uchungu wa bure. Nilipoanza kazi ya ugani, mradi mmoja ulileta vipando vya aina mpya na kuitisha mkutano wa wafugaji. Walioalikwa ni wenye vihamba, na kwa mila yetu kihamba hurithiwa na mtoto wa kiume, kwa hiyo ukumbi ulijaa wanaume. Walisikiliza vizuri na kuuliza maswali mazuri kuhusu bei ya maziwa. Waliokata majani walikuwa ukingoni wakikata majani. Mwaka uliofuata vipando vingi vilikuwa vimekufa, vimekatwa mapema mno au chini mno, na taarifa ilisema wakulima hawakuzingatia maelekezo. Wakulima waliotajwa hapo hawakuwahi kupewa maelekezo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilimpa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi, lakini elimu ya majani tulikuwa bado tunaipeleka kwa jina lililoandikwa kwenye mpaka, tukimpita aliyeshika mundu.

Wanawake walioshika mundu walijua pia cha kufanya mabingobingo yasipotosha. Karibu na msitu palikuwa na ukanda wa nusu maili, uliotengwa mwaka 1941 kati ya vihamba na msitu ili watu wapate kuni na majani. Toka tambarare, mashamba ya mahindi ya chini kuelekea barabara kuu, walipandisha mabua na maganda ya maharage baada ya mavuno. Migomba iliyokatwa ilipasuliwa na kulishwa. Na palikuwa na gwatemala.

Gwatemala inastahili maelezo yake. Kwa mbali mtu huidhani mahindi yasiyozaa, yenye majani mapana yanayoinama, na kudhani huko si mbali na ukweli: Tripsacum andersonii ilitoka Amerika ya Kati, na uchunguzi wa kromosomu zake 64 umewafanya wataalamu waamini kwamba kumi kati ya hizo zimetoka kwa mahindi au jamaa yake. Huota polepole kuliko mabingobingo na chakula chake ni hafifu zaidi. Lakini husubiri. Unaweza kuiacha miezi mingi bila kuikata na bado ng'ombe ataila, wakati mabingobingo ya umri huo yamekuwa kuni. Bibi aliiweka mpakani, upande wa jirani, na aliigusa kiangazi tu.

Gwatemala haitoi mbegu inayoota. Mabingobingo hutoa mbegu chache, nyepesi, na miche yake haifanani na mama. Ndiyo maana yote mawili huoteshwa kwa vipande: unachagua bua lililokomaa, unakata kipande chenye macho matatu, unakichomeka kwa kukiinamisha, macho mawili yakiwa udongoni na moja juu. Kutoka kwenye macho ya chini hutoka mizizi, kutoka kwenye jicho la juu hutoka chipukizi. Hakuna uzazi uliofanyika hapo; kipande hicho ni mmea uleule, umeendelea mahali pengine. Nilipolielewa hilo nilihesabu upya ukingo wa bibi. Mashina yake yalitoka kwa mama mkwe wake, na kutoka kwa bibi yakaenda kwa binti zake walioolewa Rombo na Machame. Kwa jicho la botania ni mmea mmoja uliosambaa juu ya nusu ya mlima, na umri wake ni mkubwa kuliko wa mtu yeyote aliyewahi kuukata.

Undugu huo wa damu moja una hatari yake, na hapa ndipo nina wasiwasi. Magharibi mwa Kenya na Uganda, kwa zaidi ya miaka 20 sasa, kuna ugonjwa wa udumavu wa mabingobingo. Unaletwa na kimelea kidogo kinachoishi ndani ya mishipa ya mmea na kusambazwa na mdudu mdogo anayefyonza majani. Shina likikatwa huchipua machipukizi mengi, mafupi, ya njano, kisha hufa. Mtu asiyejua huchukua kipande kutoka kwenye shina lenye ugonjwa kabla dalili hazijaonekana, akampelekea dada yake kama zawadi, na ugonjwa umevuka wilaya kwa mkono wa upendo. Katikati ya Kenya kuna ugonjwa mwingine, fugwe, unaogeuza masuke kuwa masizi meusi. Huko watafiti walichagua aina zinazostahimili, Kakamega 1 na Kakamega 2. Aina zipo kwa sababu mabingobingo ya porini yana tofauti nyingi. Sisi vihambani tumebaki na chache.

Leo vijana wanauziwa vipando mtandaoni, machotara ya mabingobingo na uwele, kwa ahadi za tani nyingi kwa eka. Baadhi ni mazuri kweli. Uwele umeyapa majani mengi na ulaini. Lakini tani hizo zimepimwa penye maji na mbolea. Mmea unaokatwa mara sita kwa mwaka unaondoa rutuba mara sita kwa mwaka, na kama samadi ya banda inauzwa kwa wenye bustani za Moshi mjini badala ya kurudi ukingoni, hakuna jina la kipando litakalosaidia.

Kuna jambo jingine ambalo bibi hakulijua, na ninafurahi kuwapelekea walioko ukingoni. Kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE huko Mbita, Kenya, kwenye ufukwe wa Ziwa Victoria, tangu miaka ya 1990 kimewaonyesha wakulima namna ya kupanda mabingobingo kuzunguka shamba la mahindi. Usiku unapoingia nyasi hii hutoa harufu inayomvuta nondo wa funza wa mabua kuliko mahindi yanavyomvuta. Nondo hutaga mayai kwenye mabingobingo, funza huanza kutoboa bua, na bua hutoa utomvu unaonata ambao huwaua wengi wao. Katikati ya mahindi hupandwa desmodiamu, ambayo harufu yake humfukuza nondo na ambayo pia ni chakula cha ng'ombe chenye protini. Kwa mama mwenye nusu eka tambarare, hayo ni mahindi, majani na samadi kutoka eneo moja.

Kila Machi, mvua zikianza, wanakuja watu kuomba vipando kwangu. Naanza kwa kuwatembeza ukingoni. Tunaangalia machipukizi ya shina lililokatwa wiki tatu zilizopita, maana hapo ndipo udumavu hujionyesha. Penye njano na ufupi hatuchukui, na shina hilo linang'olewa na kuchomwa. Kisha namwuliza aliyekuja ni nani atakayekata. Akisema ni mkewe au mama yake, namwomba aje naye kesho. Wakija wote, nawaeleza jambo gumu kuliko yote: wasikate chochote kwa miezi mitatu au minne ya kwanza, hadi mmea ufike mita moja, kwa sababu shina changa bado linajenga mizizi na halina akiba. Karibu kila mama hujibu kwamba ng'ombe ana njaa leo. Ni kweli, na ndiyo maana tunaotesha Machi: masika yanapojaa njia na mitaro kwa nyasi za bure, ng'ombe atakula hizo, na nyasi za njiani zitakapoanza kukomaa na kuisha mwezi wa Julai, ukingo utakuwa tayari.